Uhandisi wa saketi usiishie ubaoni

Katika miezi iliyotangulia tarehe 24 Novemba, 2024, kila mwenye mita ya LUKU nchini Tanzania alitakiwa kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliponunua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu 20, badala ya kundi moja alilolizoea. Aliingiza kundi la kwanza, kisha la pili, ndipo akaingiza la tatu na kupata umeme wake. Tangazo la TANESCO lilikuwa la nchi nzima. Lilimhusu mkazi wa Dar es Salaam sawasawa na mwalimu katika kata ya Naipingo wilayani Nachingwea, au karani wa ofisi ya wilaya kule Ruangwa. Watu walionywa kwamba tarehe hiyo ikipita, mita ambayo haijaboreshwa haitapokea tokeni mpya.

Wananchi walitii, na walifanya vema. Lakini wachache sana waliuliza swali ambalo mtu mwenye elimu alipaswa kuliuliza kwanza: kwa nini tarehe 24 Novemba, wala si tarehe 23 wala 25? Jibu la swali hilo halikuwa la siasa wala la bei ya umeme. Lilikuwa jibu la hesabu, nalo liliamuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati utaratibu wa mita hizo uliposanifiwa huko Afrika Kusini. Wahandisi wachache walikaa mezani wakaamua namba fulani iandikwe katika nafasi 24. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mamilioni ya watu katika nchi nyingi walisimama mbele ya mita zao wakibonyeza vitufe kwa sababu ya uamuzi huo.

Huo ndio usanifu wa saketi na mifumo ya kidijitali. Wengi hudhani ni elimu ya mbali, ya watu wa Ulaya, Marekani na Uchina. Kumbe imekwisha kuingia ndani ya nyumba ya mkulima wa korosho, imekaa ukutani, na ndiyo inayoamua kama taa itawaka usiku huu au haitawaka.

Bao na mita

Jambo lenyewe si gumu. Kila tokeni ya umeme hubeba ndani yake namba ya dakika iliyotengenezwa. Dakika hizo zilihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, 1993. Mita hukumbuka tokeni zilizokwisha kutumika, nayo huikataa tokeni iliyorudiwa au iliyo ya zamani mno. Kwa njia hiyo mtu hawezi kununua umeme mara moja akautumia mara mbili. Ni ulinzi mzuri. Lakini namba hiyo ya dakika ilipewa biti 24 tu, na biti ni nafasi yenye hali mbili pekee: ipo au haipo, moja au sifuri.

Mzee yeyote anayecheza bao anaweza kulifahamu jambo hili kuliko anavyodhani mwanafunzi wa chuo. Bao la Kiswahili lina safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Tuseme kila shimo huruhusiwa kuwa na kete moja au kuwa tupu, basi. Kanuni ya kuhesabu ni hii: anza shimo la mwisho upande wa kulia. Ukilikuta tupu, tia kete, na hesabu imekwisha. Ukilikuta lina kete, iondoe, kisha nenda shimo linalofuata upande wa kushoto ukafanye vivyo hivyo. Shimo la kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, na kila moja ni maradufu ya lililotangulia. Safu moja ya mashimo manane huhesabu kutoka 0 hadi 255. Safu mbili hufika 65,535. Safu tatu, yaani mashimo 24, hufika 16,777,215. Baada ya hapo, hatua moja zaidi huondoa kete zote, na mashimo yote 24 hurudi kuwa matupu.

Hicho ndicho kilichokuwa kikingojwa. Dakika 16,777,216 ni karibu miaka 31 na miezi 11. Ukizihesabu kuanzia siku ya kwanza ya mwaka 1993, zinakwisha tarehe 24 Novemba, 2024. Baada ya siku hiyo, tokeni mpya ingeonekana mbele ya mita kama tokeni ya mwaka 1993, nayo ingekataliwa. Yale makundi mawili ya tarakimu yaliyotangulia yalikuwa ya kuibadilishia mita ufunguo wake, ili hesabu mpya ianzie mwaka 2014.

Isije ikadhaniwa kwamba waliosanifu walikuwa wajinga. Kama wangetumia safu zote nne za bao, yaani biti 32, hesabu ingedumu zaidi ya miaka 8,000. Lakini tokeni ilipaswa kuwa na tarakimu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzibonyeza bila kuchoka, nao wakachagua 20. Tarakimu 20 hubeba biti 66 tu. Kati ya hizo, 16 zilihitajika kwa kiasi cha umeme, 16 nyingine kwa kuhakikisha kwamba mtu hakukosea kubonyeza, na chache kwa kueleza aina ya tokeni. Dakika zikapata 24. Anayetaka kuongeza biti moja upande huu hana budi kuipunguza upande ule. Huo ndio moyo wa usanifu: kugawa kilicho haba kwa busara, na kujua nani atalipa gharama ya mgawo huo, na lini.

Na hapa ndipo penye jambo zito. Hesabu iliyoanzia mwaka 2014, kwa biti zilezile 24, itafika mwisho wake Novemba 2045. Mtoto aliyezaliwa Naipingo mwaka 2024 atatimiza miaka 21 mwaka huo. Huo ni umri wa mwanafunzi wa uhandisi aliye katikati ya masomo yake. Swali linaloikabili nchi leo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: mwaka 2045 ukifika, mtoto huyo atakuwa mmoja wa wanaoambiwa wabonyeze vitufe, au mmoja wa wanaoamua vitufe hivyo vifanye nini?

Mashine zisizo na wenyewe

Watu wa Nachingwea hawahitaji kuelezwa habari ya mashine zinazokuja bila wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango kisichopata kuonekana. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndiko mashamba yalikopangwa. Kazi ilianza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea miti. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Ardhi haikuchunguzwa vya kutosha, mvua haikufuata hesabu za London, na mashine zilizokufa hazikuwa na mafundi wa kutosha wa kuzifufua. Reli nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Hata leo Nachingwea ina kata iitwayo Stesheni, ambayo hakuna treni inayosimama.

Taifa huru nalo lilipata funzo lake. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye kazi za hesabu zilizokabidhiwa kwa mashine za aina hiyo zilileta usumbufu mwingi, na wataalamu wa ndani wa kuusuluhisha walikuwa haba. Fedha za kigeni nazo zilikuwa adimu. Mwaka 1974 Serikali ikazuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo. Zuio hilo lilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Wapo wanaolicheka zuio hilo leo, na kulicheka ni rahisi. Lakini lililo muhimu si kucheka. Lililo muhimu ni kuona kwamba njia zote mbili zilikosa kitu kimoja. Kununua bila kuelewa hakukufaa. Kukataa bila kujifunza nako hakukuzaa mtaalamu hata mmoja.

Kitu kilichokosekana ni mtu. Na Taifa lilikuwa limekwisha kulitambua hilo, kwa maana Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya zuio. Leo zipo taasisi nyingine: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na kadhalika. Vijana wanaosoma umeme, elektroniki na kompyuta si wachache tena. Kinachotakiwa kuulizwa sasa ni namna wanavyosoma.

Karatasi haina mtikisiko

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anayeanza somo la saketi za kidijitali hufundishwa kwanza hesabu ya moja na sifuri. Kisha hufundishwa mantiki ya maneno matatu ambayo kila Mswahili huyatumia tangu utotoni: na, au, si. Swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja, taa huwaka pale tu swichi hii na ile zikifungwa. Zikiwekwa sambamba, taa huwaka ikifungwa hii au ile. Kutokana na maneno hayo matatu hujengwa saketi ya kujumlisha, ya kulinganisha, ya kukumbuka na ya kuhesabu, na mwishowe kompyuta nzima. Mantiki hiyo iliwekwa katika hesabu na George Boole mwaka 1854. Walimu wanaosoma habari hii na wafahamu kwamba Boole alikuwa mtoto wa fundi viatu, hakupata shahada ya chuo kikuu, na aliianza kazi yake akiwa mwalimu wa shule. Aliyeonyesha kwamba mantiki hiyo ndiyo inayotawala swichi za umeme alikuwa Claude Shannon, mwaka 1937, akiwa mwanafunzi wa miaka 21.

Mafundisho haya yote huenda vizuri sana ubaoni. Mwanafunzi huchora jedwali, hufupisha kanuni, huchora saketi yenye alama safi na mistari iliyonyooka, naye hupata alama zake. Kaunta aliyoichora kwenye karatasi haikosei kamwe. Inahesabu moja, mbili, tatu, nne, bila ya wasiwasi.

Mpe sasa mwanafunzi huyohuyo chipu halisi, ubao wa matundu wa kuchomekea waya, betri, vitaa vidogo na swichi. Atabonyeza swichi mara moja, na kaunta yake itaruka kutoka moja hadi tano. Atabonyeza tena, nayo itaruka hadi nane. Atadhani chipu ni mbovu. Chipu si mbovu. Vipande viwili vya chuma ndani ya swichi vinapogongana hudundadunda mara kadhaa katika muda wa elfu chache za sekunde kabla ya kutulia. Macho ya binadamu huona mbonyezo mmoja, lakini chipu huona mibonyezo kadhaa. Mwanafunzi hana budi kujifunza kuituliza swichi kwa kipingamizi na kapasita, au kwa saketi ndogo ya kukumbuka. Baadaye ataukuta mguu wa chipu aliousahau, usiounganishwa popote, ukisema moja sasa hivi na sifuri baadaye kidogo, kwa kufuata mkono wake unavyosogea karibu. Atajifunza kwamba kila mguu hupewa mahali pa kusimama.

Mambo hayo hayamo katika karatasi, kwa sababu karatasi haina mtikisiko. Anayehitimu bila kuyakuta amehitimu katika kuchora picha za mashine, na mashine zenyewe hazijui. Taifa linalomkabidhi mtu wa namna hiyo mita, mizani au mtambo wa hospitali limempandisha nahodha aliyejifunza bahari kwa ramani peke yake.

Wala vifaa vya kufundishia si vya kutisha. Zipo chipu za kaunta ya biti nne ambazo ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu kabisa katika maduka ya elektroniki. Chipu sita za aina hiyo, moja ikiipokeza nyingine, hufanya kaunta ya biti 24, sawa kabisa na kipimo cha dakika za LUKU. Mwanafunzi anaweza kuiweka mezani, akaipelekea mapigo milioni moja kwa sekunde, na kutazama. Katika sekunde 17 tu, kaunta hiyo itapita miaka yote tangu 1993 hadi Novemba 2024. Ataviona vitaa vyote 24 vikiwaka, kisha vikizimika kwa pamoja, na hesabu ikaanza upya. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatasahau kamwe kuuliza, kila atakapopewa kazi ya kusanifu: namba hii itajaa lini, na itakapojaa nani atakuwa gizani?

Hoja ya wanaokata tamaa

Wapo watakaosema kwamba haya ni ndoto. Watasema chipu hutengenezwa katika viwanda vya mabilioni ya dola, katika nchi chache mno duniani, na kwamba Tanzania haitajenga kiwanda kama hicho leo wala kesho. Kwa nini basi kijana wa Ruangwa asijifunze tu kutumia, akaachana na kusanifu?

Hoja hiyo ina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaopotosha zaidi. Kwanza, kusanifu si lazima kumiliki kiwanda. Makampuni mengi makubwa ya kusanifu chipu duniani hayana kiwanda hata kimoja. Husanifu kwa lugha maalumu za kompyuta na kuwapa wengine kazi ya kuchapa. Zipo pia chipu zinazouzwa zikiwa tupu, ambazo mhandisi huziandikia saketi yake akiwa mezani, akakosea, akafuta, akaandika tena. Kwa kazi hiyo hahitaji kiwanda. Anahitaji elimu, kompyuta na saburi.

Pili, na hili ndilo kubwa, asiyejua kusanifu hajui hata kununua. Ichukuliwe mizani. Korosho na ufuta wa wilaya hizi hupita katika vyama vya msingi hadi katika maghala yaliyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Runali, ambacho jina lake ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale kwa kifupi. Katika mikoa ya kusini mizani za kidijitali zimekuwa zikichukua nafasi ya zile za zamani, na kwa sababu njema. Lakini mizani ya kidijitali ni saketi. Uzito wa gunia hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana, na umeme huo hugeuzwa kuwa namba. Kama kifaa cha kugeuza kina biti 10, mizani ya kilo 200 hugawanywa katika hatua 1,024, na kila hatua ni karibu gramu 195. Kama kina biti 16, hatua huwa 65,536, na kila hatua ni karibu gramu 3. Kioo cha mizani hizo mbili kinaweza kufanana. Kinaweza hata kuonyesha gramu ambazo mashine yenyewe haizijui. Mkulima anayesimama mbele ya kioo hicho na jasho la msimu mzima hana njia ya kutambua.

Ni nani basi atakayetambua kwa niaba yake? Wakala wa Vipimo ana wajibu wake wa kuhakiki, lakini kabla ya uhakiki kuna ofisa anayeandika sifa za mizani itakayonunuliwa. Ofisa huyo akiwa hana mtu wa kumweleza biti 10 na biti 16 zinatofautianaje, ataandika kile alichoambiwa na muuzaji. Hivyo ndivyo nchi inavyouziwa. Haiuziwi kwa sababu ni maskini tu. Inauziwa kwa sababu mezani upande wake hakuna anayejua kuuliza.

Kazi huanzia shuleni

Makosa makubwa yatakuwa kudhani kwamba kazi hii ni ya vyuo peke yake. Mwanafunzi anayefika chuoni akiwa na miaka 20 bila ya kuwahi kuunganisha waya wawili amekwisha kuchelewa, naye hukaa darasani na mwenzake wa mjini aliyekulia nyumba yenye kompyuta. Tofauti yao si ya akili. Ni ya mikono iliyopata nafasi na mikono iliyonyimwa. Shule za sekondari za Naipingo na kata jirani zikingojea maabara kamili ndipo zianze, watoto wengi watapita bila kuguswa.

Lakini somo la kwanza la saketi za kidijitali halihitaji maabara kamili. Linahitaji betri mbili za tochi, kitaa kimoja, vipande vya waya, na swichi zilizotengenezwa kwa bati la kopo. Kwa vitu hivyo mwalimu wa fizikia aweza kufundisha na, au, si katika kipindi kimoja. Kwa bao na kete, mwalimu wa hisabati aweza kufundisha hesabu ya msingi wa mbili, hata kama umeme haujafika shuleni. Na kwa swichi mbili za njia mbilimbili zinazoendesha taa moja, kama zile za ngazi za nyumba ya ghorofa, mwanafunzi ataona saketi inayowaka pale swichi zinapotofautiana na kuzimika zinapokubaliana. Saketi hiyohiyo, ikirudiwa na kuongezewa, ndiyo inayojumlisha namba ndani ya kila kompyuta.

Ipo pia kero ya lugha. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha huikuta ikiwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Wengi hudhani wameshindwa umeme, kumbe wameshindwa maneno. Mwalimu mwenye busara atalitangulia neno geni kwa jambo linalojulikana. Mwanafunzi aliyekwisha kuhesabu kwa kete hadi safu ikajaa, kete zikaondoka na hesabu ikaanza upya, akija kukutana na jina la Kiingereza la jambo hilo atalipokea kama jina la mtu anayemfahamu.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai kwamba shule isimtenge mwanafunzi na kazi. Kwa miaka mingi watu wengi walilielewa agizo hilo kuwa ni jembe na shamba la shule tu. Jembe lilikuwa na bado lina heshima yake. Lakini kazi za wananchi leo zimo pia ndani ya mita, mizani, simu na mashine za zahanati. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari, na nafasi imepatikana. Itakuwa hasara kama mkondo huo utapelekewa vitabu bila vifaa, au vifaa vikafungiwa kabatini visiguswe kwa kuogopa kwamba vitaharibika. Kifaa cha kufundishia kilichoharibika mikononi mwa wanafunzi kimefanya kazi yake. Kilichozeeka kabatini kikiwa kizima hakikuwahi kufanya kazi yoyote.

Watumishi wa umma nao wana sehemu yao. Katika stoo za ofisi nyingi mna redio zilizokufa, kompyuta zilizopitwa na wakati na vifaa vinavyongoja kufutwa katika daftari. Utaratibu wa kuvifuta ukifuatwa kwa haraka, vitu hivyo vingeweza kuwa mali kubwa katika karakana ya shule au ya chuo. Ndani ya kila kimoja mna vipingamizi, kapasita, swichi na chipu ambazo mwanafunzi anaweza kuzitoa, kuzipima na kuzitumia tena. Kadhalika, ofisi na viwanda vinavyowapokea wanafunzi wa uhandisi kwa mafunzo kwa vitendo viache desturi ya kuwatuma kupiga fotokopi na kununua vitafunwa. Mwanafunzi apewe mashine iliyokufa, apewe msimamizi, aulizwe baada ya wiki imekufa kwa sababu gani.

Mwanafunzi mwenyewe naye asijifiche nyuma ya upungufu. Ni kweli kwamba vyuo havina vifaa vya kumtosha kila mmoja. Lakini zipo programu za bure za kusanifia na kujaribia saketi katika kompyuta, na chipu sita na betri haziwashindi wanafunzi wanne wakichanga. Anayengoja hadi mtihani ndipo afungue daftari atapata cheti, na nchi haitapata mhandisi.

Novemba 2045 itafika, kama ilivyofika Novemba 2024. Hesabu ya dakika haimngoji mtu wala haipokei udhuru. Mita itakayokuwa bado ikitumia utaratibu huu siku hiyo itadai tena kushughulikiwa, na agizo litatoka tena, ama kutoka nje ya nchi likasomwa hapa, ama kutoka katika meza ya Mtanzania aliyeliona mapema. Mtoto wa Naipingo atakayeketi katika meza hiyo amekwisha kuzaliwa. Anachongoja ni mwalimu wa kumwonyesha betri mbili, kitaa kimoja, na shimo la bao lililojaa.